Tukubaliane Kabla Mbelewele Hazijachanua

Majuzi, kwenye baraza la wakulima hapa Trans Nzoia, mama mmoja mzee alisimama na hindi mkononi. Mbegu yake ni nyeupe, ya kienyeji, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Lakini kati ya zile punje nyeupe kulikuwa na punje za manjano zimetawanyika huku na huku. Jirani yake alipanda mahindi ya manjano ya kulisha kuku. Mama akauliza: ikiwa ya jirani yameingia kwangu bila hodi, hayo ya GMO, yaliyobadilishwa jeni, mnayosema yanakuja yatazuiwa na nini?

Afisa aliyeletwa kutuelimisha akatabasamu. "Mama, hayo tuachie sisi wataalamu." Watu wakacheka, mama akaketi, na baraza likafungwa swali lake likiwa halijajibiwa.

Ndugu zangu, kicheko kile kimenikaa rohoni. Aliyeuliza ndiye peke yake aliyekuja na ushahidi, na sisi tuliocheka ndio tutakaokula na kupanda matokeo.

Jibu lipo, na sote tunalijua nusu. Mbelewele zikichanua, umande wa asubuhi ukishakauka, mmea mmoja humwaga mamilioni ya chembe za chavua kwa muda wa wiki moja hivi. Kila uzi wa nywele za hindi huzaa punje moja, na chavua inayowahi kuurutubisha ndiyo baba wa punje hiyo. Chavua ya mahindi ni nzito, kwa hiyo nyingi huanguka karibu na mmea wake. Lakini chache hubebwa na upepo mamia ya mita zikiwa bado hai. Rangi ya manjano tunaiona. Jeni ya GMO haina rangi. Kama ndiyo ingekuwa imeingia katika lile hindi, mama angelitundika darini juu ya moshi na kulipanda Machi bila kujua lolote.

Wengine wameliwekea sheria jambo hili. Nchini Ureno, tangu 2005, anayepanda mahindi ya GMO lazima awaarifu majirani na aache mita 200 kati yake na mahindi ya kawaida, au mita 300 ikiwa jirani analima bila kemikali. Anaweza badala yake kuzungushia mistari kadhaa ya mahindi ya kawaida ya kunasa chavua. Sasa leteni kipimo hicho huku kwetu. Ekari moja ya mraba ina mita kama 64 kila upande. Ili kuiachia mita 200 pande zote, unahitaji zaidi ya ekari 40 zisizo na mahindi kuizunguka. Ni nani kati yetu mwenye ekari 40 za kuacha hivyo? Wapo wanaosema tupishane siku za kupanda ili maua yasikutane. Kupishana kunakofaa ni wiki tatu au nne, na huku kwetu anayechelewa kiasi hicho baada ya mvua za Machi amejinyima mavuno.

Sisemi mahindi hayo ni sumu. Anayeyataka kwa kuwa yametengenezwa kuhimili viwavi, nao viwavi wamemmaliza, ana haki ya kusikilizwa. Ninachokataa ni mtu mmoja kuamua na kijiji kizima kubeba.

Oktoba 2022 serikali yetu iliondoa marufuku ya GMO iliyokuwapo tangu 2012. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru mambo yasimame kwanza hadi rufaa ya waliopinga uamuzi huo isikizwe. Muda huo tuliopewa tunaupoteza tukibishana mitandaoni.

Tazameni Mexico, mahindi yalikozaliwa. Walizuia kupanda GMO mwaka 1998. Mwaka 2001 Ignacio Chapela na David Quist wakatangaza kwamba jeni hizo zimo katika mahindi ya kienyeji ya milima ya Oaxaca. Wanasayansi waligombana vikali juu ya mbinu zao, ila tume ya mazingira ya nchi tatu za Amerika ya Kaskazini ilikiri mwaka 2004 kwamba jeni zimeingia, na njia iliyoelekea zaidi ni nafaka iliyonunuliwa nje kwa ajili ya chakula, wakulima wakaipanda. Na sisi je, msimu mbaya ukija, mbegu ya dukani ikitushinda bei, si huwa tunachota kwenye gunia la soko tukapanda?

Kwa hiyo dai letu la kwanza liwe hili, na tulitamke kwa sauti moja kuanzia wadi hadi Nairobi: mahindi ya GMO yakiruhusiwa kuingia kama chakula, yasagwe Mombasa kabla ya kupakiwa kwenye lori lolote. Unga hauoti. Tume ile ilitoa pendekezo kama hilo kwa Mexico.

La pili tulifanye wenyewe. Kila kijiji kichore ramani ya mashamba yake, kiandike nani anapanda nini, na kiweke sahihi mbele ya mzee wa kijiji kwamba hakuna atakayebadilisha bila kumwarifu jirani. La tatu ni la akina mama wanaotunza mbegu, na naomba lianze msimu huu: msichague mbegu kwenye mistari ya mpakani, ingieni katikati ya shamba. Wenye nguvu wafunike mahindi machanga kwa mifuko ya karatasi kabla nywele hazijatoka, kisha wayapake chavua ya mimea yao wenyewe kwa mkono. Yawe mia na zaidi, mbegu isije ikadhoofika.

Vyama vya ushirika, makanisa, misikiti, wabunge tuliowapigia kura, kila mmoja asukume kwa nafasi yake sheria inayosema wazi ni nani atakayemlipa mkulima ambaye mbegu yake imeingiliwa. Msikubali kuambiwa tena kwamba haya ni ya wataalamu. Afisa akija barazani, mwulizeni swali la yule mama, na asipolijibu msimruhusu aendelee na ajenda nyingine. Simameni na mama huyo safari hii. Mashamba yanalimwa Januari. Mikutano ya vijiji na iitishwe kabla ya hapo.