KONA YA MWALIMU: Wembe wa kucha

Yule kijana wa rangi za kucha akipita anagonga chupa zake, dada zetu wote wanatoka nje! Rangi si shida. Shida ni wembe. Amemkatia jirani, anaupangusa na kitambaa, anakuja kwako.

Dada yangu alikatwa ile ngozi laini ya kwenye shina la kucha, na ndiyo inayozuia vijidudu visiingie. Siku ya tatu kidole kimevimba, kina usaha. Kufua hawezi, kusonga ugali hawezi. Usiku analia tu mpaka nesi alipompasua.

Na usaha afadhali, unauona. Virusi vya homa ya ini B huvioni, lakini kwenye damu iliyokauka vinaweza kuishi siku 7. Kitambaa hakiviui.

Basi nunua wembe wako, umpe huo, na ile ngozi mwambie aiache. Mama mwenye ugonjwa wa sukari asikatwe miguu pale njiani, kidonda chake hakiponi upesi.

Nilimweleza yule kijana. Alicheka: "Mwalimu, wakileta wembe wao mimi napunguza gharama!"