MTAFUTA MADINI ATUACHIE KIPIMO

Kiswahili chetu chaita vitu viwili kwa neno moja, yaani risasi: kile kitokacho katika bunduki, na yale madini mazito ya kijivu yatumikayo hasa katika betri za magari. Ile ya kwanza kila mtu aiogopa, maana ina mlio. Mimi nataka kusema juu ya hii ya pili, isiyo na mlio, na juu ya watu wanaoitafuta.

Huenda mtu akauliza, Kanyosha na risasi wapi na wapi? Jibu langu ni Mpanda. Kutoka kwetu mtu hushuka na ziwa mpaka Kigoma, akapanda treni mpaka Kaliua, na hapo reli nyingine yashika njia ya kusini kwenda Mpanda. Reli hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifanya kazi miaka ya 1950, ukafungwa mwaka 1960. Kisha mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia nchi yao, na maelfu wakapewa mashamba Katumba, si mbali na Mpanda. Basi baadhi yetu tuna shangazi na wajomba huko, na habari za udongo wa Mpanda si habari za ng'ambo kwetu.

Mahali palipochimbwa zamani hapasahauliwi. Bei ya madini ikipanda, watafutaji hurudi. Kwanza husoma ramani na maandishi ya mgodi wa kale. Kisha hutembea nyikani wakivunja mawe kwa nyundo. Halafu hupiga mistari, na kila baada ya hatua kadhaa huchukua udongo kidogo, wakautia katika mfuko wenye namba, ukapelekwa maabara. Palipoonekana madini mengi huchimba mitaro, na mwisho, fedha zikiwapo, huchoronga mwamba. Tusidanganyane: utafutaji mwingi huishia njiani, wala mgodi hauonekani. Kwa hiyo kijana anayetaka kuuza ng'ombe wa babaye ili afungue duka la kungojea mgodi, afadhali asubiri.

Lakini kipo kitu kimoja kinachopatikana hata mgodi usipopatikana, nacho ni namba za udongo. Namba ile ile inayomfurahisha mtafutaji ndiyo ipasayo kumshtua mama mwenye mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Mtoto atambaaye hutia mkono kinywani, na vumbi lenye risasi huingia mwilini likadhuru ubongo. Baadaye darasani huitwa mvivu, kumbe ameumizwa. Wala risasi haiozi ardhini. Watazameni watu wa Kabwe, katika Zambia. Mgodi wao wa risasi ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, ukafungwa mwaka 1994, na zaidi ya miaka 20 baadaye watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile ya kufungwa walikutwa na risasi nyingi katika damu.

Neno langu, basi, ni hili. Mtafutaji yeyote apewaye leseni katika nchi ya migodi ya kale, apime pia udongo wa nyumbani na wa shuleni, na maji ya visima vilivyo karibu na mashimo na marundo ya zamani. Na majibu yasomwe mbele ya wanakijiji kwa lugha wanayoifahamu, hata kama kampuni itafunga virago mwezi ujao. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 humtaka mwenye leseni ya utafutaji apeleke taarifa serikalini. Ni vyema, lakini taarifa iliyofungiwa kabatini haimnawishi mtoto mikono.

Wako watakaosema kwamba namba hizo ni siri ya biashara. Siri ya biashara ni mwamba ulio chini. Kiwanja cha shule si siri ya mtu. Wengine watasema tutawatia watu hofu bure. Mimi naona hofu ya bure ni ile isiyo na kipimo. Mwenye kujua aweza kufunika udongo mbaya kwa udongo safi na kupanda nyasi juu yake, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, kunawisha watoto kabla ya kula, na kuwatafutia mahali pengine pa kuchezea. Asiyejua hana la kufanya.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafuta madini ni mgeni kama wageni wengine. Tumkaribishe, lakini mwenyeji naye apate kupona. Hata hapa Burundi, ambako nikeli ya Musongati imejulikana tangu miaka ya 1970, swali ni lile lile: wenye ardhi wataambiwa nini juu ya ardhi yao? Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio na kauli katika ofisi na mabaraza, liulizeni swali hili mapema, wakati mifuko ya udongo ingali michache na mitaro haijachimbwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Kanyosha