Gari Likichinjwa, Hela Ziende Wapi?

Mwezi huu tuache habari za nani kamfumania nani, tuongelee spea. Ndiyo, spea, maana kuna ndoa zinatikiswa na gari bovu kuliko nyumba ndogo.

Mzee wangu alikuwa na Altezza. Unazijua zile, Toyota walizitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, vijana wakiziona wanageuza shingo. Yake ilikuwa RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Siku ya ukungu ikaacha njia kati ya Makambako na Njombe. Yeye alitoka mzima, namshukuru Mungu, ila bodi ilipinda vibaya. Fundi akasema wazi, hili la kuchinja tu.

Mwanaume anayechinja gari alilolipenda ni kama mfiwa. Nikamwacha apumue. Wiki ya pili nikaleta daftari. Kabla spana haijagusa bolti tukaandika kila kitu: injini, gia boksi, difu, milango, viti, rimu. Kila kimoja na bei yake ya mwisho.

Kwa nini daftari? Gari zima likiuzwa, hela inaingia kwa mkupuo, mnaiona wote. Spea zinaingiza kidogo kidogo. Leo rimu, kesho kiti, jioni nyama choma. Mwisho wa siku uani limebaki bodi tupu, kuku wanatagia humo, na hela hamna.

Pili, mjue mnunuzi. Altezza ya AS200 ina injini ya 1G-FE, ile ile ya Mark II GX100, kwa hiyo wahitaji ni wengi. 3S-GE ya RS200 inamsubiri mwenye nayo. Ndiyo maana mzee hakung'ang'ania Njombe mjini. Alipeleka mzigo Makambako, kama kilomita 60, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar kwenda Mbeya. Watu wa kila upande wanapita.

Tatu, injini haiuzwi kwa maneno. Namba yake imo kwenye kadi ya gari. Andikeni mkataba, namba iwemo, mnunuzi asaini, nakala ibaki nyumbani. Ikikutwa kwenye gari la wizi, utajibu nini?

Najua kuna baba hapo anasema, "Kadi ina jina langu." Sawa baba. Ila mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kesi ile ilihusu kugawana baada ya kuachana. Sasa mnasubiri mfike huko ndiyo mheshimiane?

Rafiki yake mmoja alitaka injini kwa "nitakulipa mwisho wa mwezi". Mzee akamjibu, "Daftari analo mama watoto." Lawama nikabeba mimi, urafiki wao ukapona, na injini ikalipa ada ya watoto.

Usukani tu ndiyo hatukuuuza. Niliuandikia bei, halafu nilipomwona anaufuta vumbi kila jioni, nikaikata mwenyewe. Daftari la ndoa lina nafasi ya hilo pia, jamani.

Tukutane mwezi ujao!