Sinema ya kutisha isimtafute mchawi kijijini

MTAYARISHAJI wa filamu mwenye kamera moja na fedha chache hana haja ya kuondoka Kakamega kutafuta mandhari ya kuogofya. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya misitu ya mvua ambayo zamani ilienea hadi Kongo. Kando ya barabara ya Kisumu upo mwamba wa Ilesi, maarufu kama jiwe linalolia kutokana na maji yanayotiririka usoni mwake.

Suala gumu ni hadithi. Katika filamu nyingi za bei nafuu barani Afrika, hofu hubebwa na mchawi, na mara nyingi mchawi huyo ni mwanamke mzee.

Hilo si jambo la mzaha. Mei 2008, watu wasiopungua 11 waliteketezwa Kisii, kusini mwa Kakamega, kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, ajuza wanne waliuawa Marani, katika eneo hilo hilo, kwa tuhuma kama hizo. Filamu inayomfanya bibi kizee kuwa chanzo cha kila balaa huipa nguvu dhana ambayo tayari inaua.

Ndiyo maana hadithi za kale za vitisho, hasa za Mmarekani H.P. Lovecraft, zinastahili kutazamwa upya. Ndani yake, hofu hutoka kwa viumbe waliokuwapo kabla ya binadamu, waliojificha baharini, ardhini au angani.

Gharama si kikwazo. Mwaka 2005, wapenzi wa mwandishi huyo nchini Marekani waligeuza hadithi yake ya 1928, The Call of Cthulhu, kuwa filamu bubu ya dakika 47 isiyo na rangi. Jitu lenyewe lilikuwa kikaragosi kilichosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera.

Wala hakimiliki si kizuizi. Lovecraft alifariki 1937, na sheria ya Kenya huilinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, upo mtego. Lovecraft aliwadharau watu weusi na wahamiaji, na katika hadithi hiyo wanaoliabudu jitu ni watu weusi na machotara. Atakayeihamishia Ilesi bila kuliondoa kundi hilo atakuwa amemrudisha mtuhumiwa yule yule kwa mlango wa nyuma. Kinachofaa kuazimwa ni mwamba, giza na kitu kisichoonekana.

Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya hupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Uamuzi kuhusu nani aogopwe hufanywa mapema zaidi, mswada unapoandikwa, na matokeo yake huweza kumfikia mtu ambaye hata hajaitazama filamu yenyewe.