Hata mkimbiaji anachoka



Mara nyingi ukurasa huu unatushauri tufanye michezo. Ni shauri jema, nami silipingi. Tangu ujana wangu ninakimbia, na ninajua faida yake: pumzi inakaa, tumbo halioti, na mtu anapanda ngazi za mgodi bila kusimama kila mara kushika magoti. Lakini liko neno moja ambalo sijalisoma bado hapa, nami nalisema leo, hata likinitia haya. Mwanamichezo anaweza kuleta hatari kazini kuliko mlevi. Mlevi ananuka pombe, na shefu wa ekipi anamrudisha nyumbani kabla hajashika kitu. Aliyechoka hanuki.

Kwanza niwaeleze michezo yenyewe, kwa kuwa wengi wananiona nikipita njiani alfajiri na kufikiri ninafukuzwa.

Mbio ninazozipenda ni zile za kilomita 21 na mita kama mia moja, zinazoitwa nusu-marathoni. Si mbio za nguvu tu, ni mbio za hesabu. Ukitumia nguvu zako zote katika kilomita tano za kwanza, utakuja kuzilipia katika tano za mwisho, na mwenye deni hakusamehe. Mchezo wa pili ni triatlo, yaani michezo mitatu mfululizo: kuogelea, kupanda baiskeli, kisha kukimbia. Katika Olimpiki uliingia mwaka 2000, kule Sydney, kwa kuogelea kilomita moja na nusu, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Yapo mashindano marefu zaidi. Mwezi wa Agosti 2022 yalifanywa kwa mara ya kwanza Rubavu, nchini Rwanda, kando ya ziwa Kivu, mlango kwa mlango na Goma: kuogelea mita 1,900, baiskeli kilomita 90, halafu nusu-marathoni nzima juu yake. Mimi sikuenda. Ada yake si ya mfuko wa mchimbaji.

Sisi huku Baraka tulijitengenezea triatlo yetu. Tulikuwa watatu: mwalimu mmoja, mwuza mawese mmoja, na mimi. Tulikuwa tunaogelea kufuata ufuko, mtumbwi wa mvuvi ukitusindikiza kando. Mvuvi huyo alituuliza siku ya kwanza, “Mnakwenda wapi mkijitesa hivyo, na mtumbwi upo?” Kutoka majini tulichukua baiskeli zetu, zile nzito za chuma zinazobeba bido za mawese, na kushika barabara inayopanda Fizi, mpaka mlima ulipotushinda. Tukageuka, tukateremka, tukaacha baiskeli kwa mwalimu, tukakimbia kupita mjini hadi sokoni, watoto wakitufuata kwa makelele. Wa mwisho alinunua mukeke wa kuchoma kwa wote. Nilinunua mara nyingi, kwa kuwa katika maji mimi ni jiwe.

Kuhusu maji, neno moja tu. Msiogelee peke yenu, hata mkiwa hodari. Kule Marekani, kati ya mwaka 1985 na 2016, walihesabu watu 135 waliokufa au kusimama moyo katika mashindano ya triatlo. Kati yao 90 yaliwapata wakati wa kuogelea, na hao ni watu waliokuwa wamefanya mazoezi. Ziwa letu la Tanganyika lina upepo wa kusini wakati wa kiangazi, lina mamba, na penye majani na konokono karibu na ufuko lina bilharzia. Ukiona damu katika mkojo au choo, au tumbo likikusumbua siku nyingi, nenda dispansere. Dawa yake ipo.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Mwaka 2019 nilikwenda Kigali kwa mbio za amani, ambazo zilianzishwa mwaka 2005. Nilifunga safari Ijumaa baada ya posti ya usiku, bila kulala: Baraka mpaka Uvira, bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, mpaka wa Bugarama, halafu basi kupita msitu wa Nyungwe. Jumapili asubuhi nilikuwa mstarini. Kigali ni mji wa vilima, uko juu kadiri ya mita 1,500, na sisi wa ziwani tumezoea hewa ya mita 770 na kitu. Nilianza kwa kasi ya mtu anayetazamwa. Kwenye kilomita ya 16 miguu ilinikataa. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika saba, nikavishwa medali, nikaipiga picha, na jioni ile ile nikarudi kwenye basi ili niiwahi kazi. Tangu Ijumaa sikuwa nimelala kitandani ila usiku mmoja, ule wa kuamkia mbio, na usiku huo sikupata usingizi kwa kuwaza mbio.

Nilifika Baraka Jumatatu jioni. Mke wangu alinitazama, akaniambia, “Baba, leo usiende.” Nikamwonyesha medali. Usiku ule nilipanda kamio ya watumishi, na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye winchi, mkono juu ya breki, ndoo ikiwa shimoni na wenzangu wawili chini yake.

Sikulala. Nataka mnielewe hapo. Macho yalikuwa wazi, niliiona kamba ikipita, niliisikia kengele. Kengele ya kusimamisha ililia, nami niliisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Mkono ulikuja nyuma ya kengele kwa sekunde mbili, labda tatu. Ndoo ilimgonga mwenzetu mguuni. Buti lilimwokoa mguu, lakini vidole viwili vilivunjika, akakaa nyumbani wiki saba.

Shefu aliponiuliza, nilisema, “Breki haikushika.”

Haikuwa breki. Makanika wa winchi alifungua breki ile siku nzima, hakuona kitu, akaifunga. Kwa kuwa karatasi ilisema breki, na breki ni kazi yake, yeye ndiye aliyepata barua ya onyo na kukatwa primu ya mwezi. Mimi nilipewa pole. Watu waliniuliza habari za Kigali.

Kwa nini sikusema ukweli? Si kwa uovu mkubwa. Nilikuwa mtu wa michezo, na mtu wa michezo hachoki. Ndivyo tunavyosema sote, kambini na nyumbani, na maneno hayo ndiyo ninayoyapinga leo. Mkimbiaji anachoka kuliko wengine, maana yeye anakwenda kuutafuta uchovu kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya mbio ndefu, sukari ambayo mwili umeiweka akiba katika misuli na ini imekaribia kwisha, nayo hairudi kwa sahani moja ya bukari. Maumivu ya misuli hayaji siku ile ile. Yanakuja kesho yake na keshokutwa, na yanaweza kufika hadi saa 72. Maana yake, aliyekimbia Jumapili ana hali mbaya zaidi Jumatatu na Jumanne, wakati ambapo kila mtu amekwisha kusahau kwamba alikimbia.

Na usingizi ni mbaya kuliko misuli. Mwaka 2000 watafiti wa Australia na New Zealand walipima watu waliokaa macho saa 17 hadi 19, yaani kama mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi na bado yuko macho karibu na usiku wa manane. Walikuta kwamba watu hao walifanya kazi walizopewa sawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu, au vibaya zaidi. Katika nchi nyingi kipimo hicho cha pombe kinatosha kumnyima dereva usukani. Sasa hesabuni saa zangu tangu ile posti ya Ijumaa, mnipe kipimo changu ninyi wenyewe.

Maoni yangu ni haya. Mwanzo wa kila posti shefu wa ekipi anatazama kaske, mabuti, taa. Amuulize kila mtu pia: umelala saa ngapi? Jibu liandikwe, na anayesema “saa mbili tu” apewe kazi ya juu, mbali na winchi, mbali na vilipuzi, mbali na usukani wa kamio, bila kukatwa mshahara wa siku hiyo. Nimekwisha kulisema hili kwa wakubwa kadhaa. Wanajibu kwamba watumishi watadanganya ili wakae juani. Inawezekana, wachache. Lakini mimi nilidanganya upande wa pili, nikajifanya mzima, na tazameni uongo upi uliogharimu zaidi: vidole viwili, wiki saba za mtu, siku nzima ya winchi kusimama, na jina la makanika.

Kwa wenzangu wa mbio: badilishaneni posti kabla ya mashindano, si baada ya ajali. Siku mbili baada ya nusu-marathoni msishike makina. Kama haiwezekani, basi msikimbie safari hiyo. Nimekwisha kuacha mashindano mawili kwa sababu hiyo, na bado roho inaniuma, sitawadanganya. Mwenye homa asikimbie kabisa. Malaria na mbio havikai katika mwili mmoja. Na maji mnywe kwa kiu yenu. Ziko mbio ambazo watu waliugua kwa kunywa maji mengi kupita kiasi mpaka chumvi ya damu ikapungua.

Kwa akina mama niseme kwa heshima, maana nyinyi mnakimbia kuliko sisi. Mama anayeteremka ziwani na bido ya lita 20, akapanda nayo, akarudia mara nne kabla ya jua kuwaka, hapewi medali na mtu. Lakini baba akitoka posti ya usiku, mchana ule ndio usiku wake. Watoto wacheze kwa jirani, redio izimwe, na habari ya paa linalovuja ingoje saa kumi. Na mkimwona hafai kwenda, mwambieni kama mke wangu alivyoniambia. Akiwaonyesha medali, mwiteni kaka yake.

Yule mwenzetu wa vidole alirudi kazini, anatembea vizuri. Yeye nilimwambia ukweli mwaka ule ule, tukamaliza. Makanika ndiye niliyeshindwa kumkabili. Alipumzishwa kwa umri, sasa anatengeneza baiskeli Baraka, karibu na soko, pale pale tulipokuwa tunamalizia mbio zetu. Kila tulipopita alikuwa akitupigia makofi.

Kabla ya kuandika haya nilimpelekea baiskeli yangu, mnyororo ukiwa umelegea, nikaketi juu ya jiwe, nikamwambia habari yote tangu Kigali. Hakuinua kichwa. Alikaza mnyororo, akazungusha pedali kwa mkono, akasikiliza.

“Nilijua,” akasema. “Breki ile niliifungua mwenyewe.”

Kisha akaniambia bei ya mnyororo.