Mwalimu anayeongoza igizo asipange mwisho



Nina maoni juu ya jambo linalotuhusu sisi walimu, pamoja na wataalamu wanaokuja vijijini kutoa elimu kwa njia ya maigizo. Nalo ni kazi ya yule anayeongoza mchezo wa kuigiza usiokuwa na maandishi, ule tunaouita igizo dhima, ambao kila mmoja hupewa mtu wa kumwigiza akajisemea mwenyewe.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kugawa wahusika, kuangalia saa na kufanya majumuisho. Juu ya kiongozi mwenyewe tuliambiwa machache mno, na matokeo yake wengi wetu tunaingia darasani tukiwa tumekwisha amua nani ataharibikiwa na nani atasifiwa.

Huku kwetu kuigiza vyeo si jambo geni. Ngoma ya mganda, inayochezwa Umatengo na kando ya Ziwa Nyasa, ilitokana na beni, na wachezaji wake hujipanga kama askari wa gwaride. Lakini mganda una hatua zake zinazojulikana. Mchezo ninaousema mimi hauna hatua, kwa hiyo unahitaji kiongozi wa namna nyingine.

Wenzetu wa Marekani wanaye kiongozi wa namna hiyo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi pamoja, kila mmoja akiwa mhusika wake, isipokuwa mmoja. Huyo ndiye anayewaeleza wenzake mahali walipo na kilicho mbele yao. Ndiye anayesema kwa niaba ya watu wengine wote wanaokutana nao, na ndiye mwamuzi wa kanuni. Lakini penye bahati, dadu ndiyo inayosema. Yeye hashindi wala hashindwi. Mambo ya mapanga na mazimwi yaliyomo humo sina haja nayo, ila kazi ya mtu huyo naona inatufaa sana.

Nilijaribu kuifanya na wanafunzi wa darasa la sita. Tulianzisha kijiji cha mchezo chenye wakulima wa kahawa, karani wa chama cha msingi na mnunuzi wa magoma, yaani yule anayekuja miezi ya njaa kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Dadu hatuna, basi tukaandika vikaratasi tukavitia kofiani: mvua nzuri, chule buni, kutu ya majani, na kadhalika.

Msichana mmoja aliigiza mama mjane. Ilipofika Januari ya mchezo mtoto wake akalazwa, na nyumbani hamna kitu. Akamwendea mnunuzi wa magoma, akapokea shilingi 150,000 na kuahidi kilo 100 wakati wa mavuno. Mimi katika daftari langu nilikuwa nimekwisha andika kwamba mama huyu atafilisika, ili wanafunzi waone ubaya wa magoma. Nikachomoa kikaratasi. Kiliandikwa mvua nzuri. Nami, bila aibu, nikakisoma chule buni.

Kijana aliyekaa mbele alikuwa amekiona. Akasema, "Mwalimu, siyo hivyo." Darasa zima likanyamaza.

Nilikiri kosa langu, tukarudia kwa kufuata kikaratasi. Mama akavuna kilo 240. Bei ya mnada katika mchezo wetu ilitoka shilingi 5,000 kwa kilo. Akabaki na kilo 140, akapata shilingi 700,000, na wengine wakaanza kusema kumbe magoma hayana neno. Ndipo mwanafunzi mmoja akazipigia hesabu zile kilo 100 za mnunuzi: shilingi 500,000. Wakatoa zile 150,000, zikabaki 350,000. Wakagundua wenyewe kwamba bei ikipanda mkulima aliyechukua magoma hupoteza zaidi, maana deni lake ni la kilo na si la fedha. Hesabu hiyo isingeonekana kamwe kama ningeng'ang'ania ugonjwa wangu wa kubuni.

Yule msichana hakushindwa kujitetea. Alisema, "Hata hivyo mtoto wangu yu hai." Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa karani na kumwuliza kwa nini chama hakikumkopesha Januari, ilhali kahawa yake chama kinaijua. Karani akanitazama mimi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sauti ya wakubwa wake wote, ilinipasa nijibu, nami nikababaika.

Nimewahi pia kuhudhuria maigizo yanayoletwa vijijini kutukataza magoma. Mwenye kuchukua magoma humo siku zote ni mlevi. Wananchi hucheka, hupiga makofi, na wakirudi nyumbani kila mtu anajua kwamba jirani yake aliyechukua magoma si mlevi, alikuwa na mgonjwa au mtoto wa kumnunulia sare za shule. Waliotunga mchezo walimnyima mtu huyo nafasi ya kusema, kama nilivyotaka kufanya mimi na kikaratasi changu.

Kwa hiyo naomba vyuo vya ualimu vitenge muda wa kumfundisha mwanafunzi kazi hii kwa vitendo: namna ya kukiandaa kijiji cha mchezo kwa undani, bei zake, magonjwa yake na watu wake, na namna ya kujizuia mwanafunzi anapoamua jambo usilolitaka. Hili la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Na kuhusu mkopo wa Januari, naomba viongozi wa ushirika watujibu katika ukurasa huu huu, maana mchezo wetu umesimama hapo na wanafunzi wananidai jibu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kigonsera, Mbinga.