Isome Kabla Hujaipima Kilo

KUSI NA KASKAZI
Na Mwanahamisi Sechonge

Kuanzia Pangani hadi Muheza, ukisema umepata mali ya Mjerumani, watu wanadhani rupia. Vijana wanakesha wakichimba chini ya mibuyu na kando ya makaburi ya wazungu, wakiongozwa na matapeli wenye ramani za kughushi. Wakikuta chuma chenye kutu hukitupa, au kesho yake kinapimwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nasema wazi kwamba mali yenyewe ndiyo hiyo, na tunaipoteza kwa sababu hatujui kuisoma.

Historia ya silaha katika pwani hii ni nzito. Mwaka 1888 watu wa Pangani waliikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, akanyongwa katika mji huu huu. Miaka 25 baadaye, Novemba 1914, Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa na watu kama 1,000, akawarudisha baharini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuitambua bunduki. Vikosi vingi vya askari wa Mjerumani vilikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na risasi za baruti nyeusi. Kila ikilia, moshi unamfichua aliyeipiga. Ubavuni imechongwa "I.G.Mod.71". Lakini Waingereza waliacha Tanga bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, na askari wa Mjerumani wakazichukua na kuzitumia. Kwa hiyo bunduki yenye taji na herufi za mfalme wa Uingereza inaweza kabisa kuwa imebebwa na babu aliyepigana upande wa Mjerumani. Alama zitakwambia ilitengenezwa wapi, ila nani aliishika utalijua kwa kuuliza wazee wa mahali ilipookotwa. Ndiyo maana kitu kilichohamishwa bila kuandikwa kilikotoka kimeshapoteza nusu ya thamani yake.

Kwenye kofia uongo umezidi. Askari Mwafrika wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye nembo ya tai mbele. Wengi wa wanajeshi wa Kihindi walivaa vilemba. Kofia ya chuma ya Kijerumani ilianza kugawiwa mwaka 1916, kwenye mahandaki ya Ulaya. Mtu akikuuzia kofia ya chuma na kukuapia kuwa ni ya vita vya Tanga vya 1914, funga pochi yako.

Linaloniuma kuliko yote ni nishani. Ile ya fedha ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ina Mfalme George V upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Igeuze, utazame ukingo wake: kuna namba, cheo, jina na kikosi, kwa mfano K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Ni jina la mtu, pengine mahali pekee lilipobaki limeandikwa. Halafu tunaisugua kwa mchanga na majivu ili ing'ae, na jina linafutika! Nyota za Vita ya Pili, kama ile ya Burma, askari wetu walipewa bila jina. Hizo zitunzwe pamoja na karatasi za jeshi na simulizi ya aliyezivaa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango wa nyumba ya Pangani una tarehe yake ya kuulinda. Vitu vya vita vya 1914 vimeachwa katikati. Wabunge wa Tanga walibebe hili.

Bunduki ni jambo la polisi, hata ikiwa imeliwa na kutu. Usiifungue, usiipige nyundo, kwa kuwa huenda bado ina risasi, na bomu la zamani linaua hadi leo. Toa taarifa. Ombi langu kwa Jeshi la Polisi na Makumbusho ya Taifa ni moja: silaha kuukuu zinaposalimishwa wakati wa msamaha, zisiteketezwe kabla mjuzi hajazikagua, akazipiga picha na kuandika alama zake na kijiji zilikotoka. Zile zenye historia zitolewe mtambo wa kufyatulia, ziwekwe makumbusho.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kuna nishani au kofia ya babu, wiki hii usiiuze wala kuisugua. Ipige picha, nakili maandishi yote yaliyomo, muulize mkubwa wa ukoo alivyoipata, uandike na tarehe. Kisha wapelekee nakala Makumbusho ya Urithi Tanga.